Kichwa cha Baiti Kumi na Mbili

Nina diploma moja. Imetundikwa ofisini kwangu Ntinda, ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro, mahali ambapo kila anayeingia lazima aione kabla hajaniona mimi. Hakuna mjomba aliyeniombea nafasi ya kuisomea. Baada ya kuipata nililinda ghala Doha miaka sita, na saa za kupumzika, wenzangu wakilala, nilijifundisha kuandika programu kwa kompyuta ya mkononi yenye kioo kilichopasuka. Nilirudi Kampala na kazi kichwani, nikapanga chumba kimoja, kisha viwili, kisha vitatu. Leo nimeajiri watu wawili wenye digrii. Hayo nayasema mwanzo, maana yanayofuata hayanipi sifa.

Miaka ile sita ya kusimama getini iliniharibu kitu kimoja: siwezi kukaa. Nikipata kiti nakipa mgeni. Nafikiri nikitembea, kutoka dirishani hadi mlangoni, na wafanyakazi wangu wamezoea kuinua miguu nipite. Programu inayochelewa hata nusu sekunde hunikera kama mtu anayeongea huku akitafuna.

Kazi iliyonipa jina ni vijisanduku vya friji. Kliniki ndogo zinahifadhi chanjo, na chanjo hutaka baridi ya kati ya nyuzi mbili na nane. Kijisanduku changu kina vipimajoto viwili: kimoja kinaingia ndani ya friji, kingine kinabaki ukutani kupima joto la chumba. Kila dakika kinaandika namba nne, yaani joto la friji, joto la chumba, nguvu ya betri, na kama mlango umefunguliwa. Kisha kinatuma ripoti ofisini kwangu na kwenye simu ya mwenye kliniki. Ripoti inaonyesha joto la friji peke yake, maana ndilo watu wanalolitaka.

Lazima nieleze namna namba hizo nne zinavyokaa ndani ya mashine, la sivyo hutaelewa nilichokifanya. Nitaeleza kwa njia ya baba yangu.

Baba alikuwa sajini wa polisi. Tulikulia kwenye laini za kambi, na ndiyo maana Kiswahili ni lugha yangu ya nyumbani ilhali majirani zangu wa leo wanakitumia kwa kugombana na madereva tu. Siku za ukaguzi alipanga vitu vyake kitandani: kofia mwanzo, mkanda, brashi, wembe, soksi. Kila kitu kilikuwa na shibiri yake kutoka kichwani mwa kitanda. Alijua brashi iko shibiri ya tatu, akawa anaichukua bila kuangalia, huku anazungumza na mama. Akahamishiwa kituo kingine, akapewa kitanda ambacho sehemu ya mto ilikuwa fupi. Vitu vyote vilisogea juu kwa shibiri moja. Asubuhi ya kwanza akanyoosha mkono shibiri ya tatu akachukua wembe. Mpaka anakufa alikuwa na alama kwenye kidole gumba, na akiulizwa alisema ni jambazi.

Kumbukumbu ya kompyuta ni kitanda kama hicho. Lugha ninayoandikia ina mtunzaji wake. Wewe unaumba kitu, yaani fungu la namba zinazokaa pamoja, na mtunzaji ndiye anayeamua kitalala wapi, kitahamishwa lini, na kitafagiliwa lini kisipotakiwa tena. Mbele ya namba zako anaweka kichwa: baiti chache, ndizo shibiri za kompyuta, za kwake mwenyewe, za kujua kitu hicho ni cha aina gani na kina hali gani. Ukitaka joto la friji, utaratibu ni kumwomba mtunzaji kwa jina, naye anakuletea. Lakini kuna mlango wa nyuma. Ukijua kichwa kina urefu gani, unaweza kuruka baiti hizo na kuokota namba mwenyewe, bila kumwomba mtu.

Mimi sikuwahi kupenda kuomba. Kwenye kompyuta yangu kichwa kilikuwa na baiti kumi na mbili. Namba ya kwanza, joto la friji, ilianza hapohapo, kwenye kumi na mbili. Nikaandika kumi na mbili ndani ya programu kwa tarakimu, na ripoti zikaanza kutoka kasi kama risasi. Nilijisifu wiki nzima.

Binti mmoja kati ya wale wenye digrii ndiye aliyekagua mistari ile. Akanyanyua uso.

"Bosi, hii kumi na mbili imetoka wapi?"

"Imetoka Doha," nikamwambia.

Mwenzake akacheka mpaka akakohoa. Binti hakucheka. Akasema prosesa, yaani bongo za mashine, si zote zina kichwa cha namna moja, kwamba kwenye zile ndogo za biti thelathini na mbili mtunzaji hutumia kichwa kifupi zaidi. Nikamwambia vijisanduku vyote tulivyofunga, kuanzia kliniki ya Kansanga, ni vya biti sitini na nne, nimevichagua mwenyewe, na chuo kikuu kingekuwa kinafundisha haya angekuwa yeye ndiye mwenye ofisi. Akaandika kitu kwenye daftari lake, akaendelea na kazi. Nikaendelea kutembea.

Kisha vijisanduku vipya vikatuishia, na kliniki ya Namuwongo ilikuwa inasubiri. Nikatoa kabatini kimoja cha zamani, cha majaribio ya mwaka wa kwanza. Kilikuwa na prosesa ndogo. Nililijua hilo kama mtu anavyojua kwamba ana kiatu kimoja kilichotoboka: unajua, lakini siku haina mvua. Nilikijaribu mezani kwangu. Vipimajoto vyote viwili vilikuwa juu ya meza ileile, chumba kilekile, kwa hiyo joto lilikuwa lilelile. Ripoti ikasema ishirini na sita, na kipimajoto cha kawaida kilichotundikwa ukutani ofisini kikasema ishirini na sita. Nikapiga makofi. Keshoyake kikafungwa Namuwongo.

Siku ya tisa msimamizi wa kliniki alipanda ngazi zangu akihema, mtu mnene wa heshima anayesimamia kliniki tatu na anayependa kufunga koti hata jua likiwaka. Nyuma yake alikuja muuguzi wa Namuwongo, mama wa Kikongo wa umri wangu, aliyekimbia vita mashariki ya nchi yake akiwa na cheti cha uuguzi ndani ya nguo. Hapa Kampala alihangaika miaka mingi kabla cheti hicho hakijakubaliwa. Haya nilikuja kuyajua baadaye. Siku ile nilimwona mwanamke mwenye kitenge, amebeba kisanduku cha baridi kama cha soda.

"Ssebo," msimamizi akaanza, yaani bwana kwa Kiluganda, "friji ya Namuwongo inasema ishirini na saba. Siku tisa! Mchana inapanda, mvua ikinyesha inashuka. Hiyo si friji, hiyo ni kabati. Na sista ananiletea karatasi hii."

Akafungua karatasi ya joto. Kila kliniki inayo, hubandikwa kwenye mlango wa friji, na muuguzi huandika joto asubuhi na jioni akisoma kipimajoto cha kioo kilicho ndani. Karatasi ya yule mama ilisema nne, tano, nne, nne, tano. Mwandiko mmoja, kalamu moja.

Msimamizi akanikonyeza. Wote tuliowahi kufanya kazi na kliniki tunaujua mchezo huo: karatasi hulala wazi mwezi mzima, kisha siku ya mwisho mtu anakaa na chai yake anajaza siku thelathini kwa mkupuo, nne, tano, nne.

"Papa," yule mama akaniambia mimi, si msimamizi, kwa heshima ya Kikongo, "mi naandikaka kila siku. Asubuhi na mangaribi. Kalamu ni moja kwa sababu niko na kalamu moja."

"Kwa hiyo mashine ndiyo inadanganya?" msimamizi akauliza.

Wote wawili wakanitazama. Nilikuwa nimesimama chini ya diploma yangu. Nikasema, na maneno haya ningependa mtu mwingine awe ndiye aliyeyasema, "Mashine zangu hazijui kudanganya. Watu ndio wanaojua."

Msimamizi akakunja karatasi. Alisema Ijumaa kutakuwa na kikao Kansanga, chanjo zitamwagwa, na sista ataandikiwa barua ya kuachishwa kazi. Barua kama hiyo itaeleza kwamba aliharibu chanjo na kughushi karatasi, na hakuna kliniki nyingine itakayompokea. Alilisema kwa upole, kama anasoma ratiba.

Mama yule hakulia wala kupiga kelele. Alifungua kisanduku chake, akatoa kichupa kimoja kutoka kwenye barafu, akakileta karibu na uso wangu.

"Hii ni ya polio. Hii ndiyo inaharibika mbio kupita zote. Unaona hii?" Kwenye lebo palikuwa na duara la rangi ya zambarau, na katikati kimraba cheupe. "Joto ikiingia, hii nyeupe inakuwa nyeusi. Haiulizi mutu. Siku tisa kwa ishirini na saba, ingekuwa nyeusi kama kiatu. Iko nyeupe."

"Ni kistika," nikasema.

"Ndiyo, Papa. Ni kistika." Akakirudisha kwenye barafu kwa uangalifu, akafunga, akashuka ngazi mbele ya bosi wake.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Jumatano asubuhi sikuweza kusimama hata mahali pamoja. Niliingia, nikatoka, nikashuka kununua maji nikayasahau kaunta. Nilikuwa nimejenga jina langu juu ya kusoma mashine, na nilikuwa nimeonyeshwa mashine moja isiyo na betri, isiyo na programu, ndogo kuliko ukucha, ikapingana na yangu, nami nikaiita kistika. Binti wa daftari aliinua miguu nipite mara ya kumi. Sikumwuliza kitu. Nikachukua kompyuta, nikapanda boda.

Namuwongo ukishavuka reli unaacha lami, na boda wangu hakutaka kuchafua pikipiki, nikamalizia kwa miguu. Kliniki ilikuwa imejaa kina mama wenye watoto, kwa kuwa ilikuwa siku ya chanjo, ingawa chanjo zenyewe zilikuwa zimefungiwa na amri ya msimamizi. Yule muuguzi alikuwa anapima watoto uzito na kuwaomba kina mama warudi wiki ijayo.

"Papa, umeteremka," akasema bila kuacha mizani.

"Nimekuja kuangalia mashine."

"Mashine ao mimi?"

"Mashine."

"Basi ngoja. Watoto kwanza."

Nilingoja. Nilitembea kutoka mlangoni hadi dirishani, hatua tano, nikarudi, hatua tano. Mtoto mmoja akaanza kulia, wa pili akafuata.

"Kaa chini, Papa, unatisha watoto!" akasema, na kina mama wote wakacheka. Nikakaa. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza mwaka ule kukaa kwa amri ya mtu.

Alipomaliza alinifungulia friji. Baridi ilinipiga usoni. Kipimajoto cha kioo kilisema nne. Nikatazama simu yangu: ishirini na saba na nusu. Nikafuata nyaya kwa kidole. Hii inaingia friji, sawa. Hii inaishia ukutani, nje, juu ya swichi. Nikakishika kile cha ukutani ndani ya ngumi yangu, nikasubiri dakika moja, nikiwa na simu mkono wa pili. Ishirini na tisa. Dakika nyingine. Thelathini na moja.

Joto la friji lilikuwa linapanda kwa sababu ya mkono wangu.

Nilijua kabla sijafungua kompyuta, lakini niliifungua. Nilikiunganisha kijisanduku, nikamwomba mtunzaji anionyeshe alivyopanga kitu changu. Kwenye kompyuta yangu: kichwa baiti kumi na mbili, joto la friji kwenye kumi na mbili, joto la chumba kwenye kumi na sita. Kwenye kijisanduku: kichwa baiti nane. Joto la friji kwenye nane. Joto la chumba kwenye kumi na mbili.

Kila dakika, siku kumi, nilikuwa nimenyoosha mkono shibiri ileile, kitanda kikiwa kingine.

"Umeona?" akauliza.

"Nimeona."

"Ni nini?"

Hapo ningeweza kumweleza. Nilifunga kompyuta. "Nitaripoti Ijumaa," nikasema, nikaondoka haraka, nikavuka reli bila kuangalia huku wala huku, na mwenye mkokoteni wa matofali akanitukana kwa Kiluganda matusi ambayo nilistahili.

Alhamisi ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote. Kurekebisha hakukunichukua hata robo saa. Nilifuta kumi na mbili, nikaandika mstari unaomwuliza mtunzaji mwenyewe, kwenye mashine yoyote aliyopo, joto la friji limelala wapi. Nikautuma Namuwongo kupitia mtandao, na ripoti ikaruka kutoka ishirini na saba hadi nne. Kilichobaki ni kusema. Nilizunguka ofisini nikitunga. Hitilafu ndogo ya waya. Unyevunyevu. Nilikuwa na wateja wengine kumi na mmoja, wote walinunua neno langu kwamba mashine zangu hazijui kudanganya. Nilijiambia kwamba muhimu ni sista asafishwe, na njia haina maana.

Ijumaa Kansanga, chumba cha nyuma cha kliniki kubwa, tulikuwa watatu. Nje muziki wa baa ulikuwa umeanza mapema. Msimamizi alikuwa na barua mezani, imeshapigwa chapa, imebaki kutiwa sahihi. Muuguzi alikuwa na karatasi yake ya joto na kile kisanduku cha baridi magotini.

"Kulikuwa na hitilafu kwenye kijisanduku," nikaanza. "Friji ilikuwa sawa wakati wote. Chanjo ni nzima."

Msimamizi akavua miwani. "Hitilafu gani? Waya?"

Nikasita. Kusita kwangu kulimtosha.

"Panya!" akasema, akafurahi kama mtu aliyekumbuka jina. "Wamekula waya. Sista, nilikwambia nini kuhusu usafi? Unaona? Haya, hatukuachishi, lakini barua ya onyo lazima. Panya kwenye chumba cha chanjo ni jambo kubwa."

Alivuta barua nyingine, tupu, akaanza kuandika. Yule mama hakumtazama. Alinitazama mimi, na hakuonekana kuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu anayesoma kipimajoto: anangoja kioo kitulie ndipo aandike.

"Hakuna panya," nikasema.

Kalamu ikasimama.

"Mashine yangu ilikuwa inasoma ukuta. Kipimajoto cha ndani kilikuwa kinafanya kazi, lakini programu ilikuwa inaokota namba ya jirani yake."

"Siku tisa?"

"Kumi na moja, mpaka jana nilipoirekebisha."

"Nani aliiambia isome ukuta?"

"Mimi. Niliandika namba moja kwa kichwa badala ya kuuliza. Kwenye mashine kubwa ni sawa. Kwenye hii ndogo si sawa. Na mfanyakazi wangu alinionya." Sijui kwa nini niliongeza hilo la mwisho. Labda mlango ukishafunguka haufunguki nusu.

Msimamizi akaweka kalamu mezani. "Ssebo, wewe si ndiye ulisema watu ndio wanaojua kudanganya?"

"Ndiye mimi."

Akazichana barua zote mbili. Aliniambia atataka maelezo ya maandishi kwa kliniki zake zote tatu, nikamwambia nitayatuma kwa mtandao saa ileile, na nilikuwa tayari nimesimama, mkono kwenye kitasa.

"Hapana, Papa," muuguzi akasema. "Ile ya mtandao inafutikaka. Andika hapa."

Alitandaza karatasi ya joto mezani. Upande wa kulia ina safu ya maelezo, nyembamba, ambayo hakuna anayeijaza. Akanipa kalamu, ile moja. Niliandika kwamba kuanzia tarehe fulani hadi fulani namba za mashine zilikuwa za uongo na namba za sista zilikuwa za kweli. Safu ilikuwa ndogo, mwandiko wangu ni mkubwa, ukavuka mstari ukaingia kwenye Jumamosi na Jumapili. Nikatia sahihi. Aliisoma yote, neno kwa neno, kidole kikifuata, kisha akachukua kalamu yake.

"Sasa unaweza kwenda," akasema.

Niliporudi Ntinda nilimwambia binti wa daftari kwamba kumi na mbili haikutoka Doha. Akasema, "Najua, bosi," akanifungulia ukurasa aliokuwa ameandika siku ile: kichwa kifupi, itasoma joto la chumba, bosi ajaribu kwenye prosesa ndogo. Alikuwa amepiga hesabu yote. Nikamwuliza kwa nini hakunilazimisha nisome. Akaangalia diploma ukutani, akaangalia miguu yangu ambayo ilikuwa imeshaanza safari ya dirishani, akainua yake nipite. Wateja wawili kati ya wale kumi na mmoja waliondoka. Tisa wamebaki, na wamepata mashine bora kuliko waliyoinunua, hilo nalisema kifua mbele.

Kila Jumatatu nateremka Namuwongo. Hakuna anayeniita. Nasimama mbele ya friji na simu yangu, yule mama anasoma kioo kwanza, anaandika, ndipo ananiuliza mashine inasemaje. Hakubali kusikia yangu kabla hajaandika yake.

Mwezi ulipokwisha alibandika karatasi mpya kwenye mlango wa friji. Ile ya zamani hakuitoa. Aliisogeza pembeni, palepale kina mama wanapopanga foleni, na mwandiko wangu unasomeka kutoka kwenye benchi.

"Hii imekwisha," nikamwambia. "Unaiacha ya nini?"

Aliinama akaitazama kwa makini, kama anapima.

"Chini kungali na nafasi ya kuandika," akasema. "Leo inasema ngapi?"

"Nne."

"Mi pia niko na nne. Watoto kwanza, Papa. Kaa."

Nikakaa.